Subaru: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu gari la nyota sita

Hakuna gari linalogombanisha watu barazani kama Subaru. Mmoja atakuambia amepanda nayo milima ambayo wenzake walirudi nyuma. Mwingine atakuambia shemeji yake alikopa SACCOS ili afunguliwe injini. Wote wawili husema kweli, na ukiwasikiliza vizuri utagundua wanazungumzia kitu kimoja: injini iliyolala, ambayo kampuni hii imeing'ang'ania tangu 1966. Sifa zake nyingi zinatoka hapo, na lawama zake nyingi pia.

Neno "Subaru" lina maana gani?

Ni jina la Kijapani la kundi la nyota ambalo sisi tunaliita Kilimia. Ndizo zile zile nyota ambazo wakulima wa pwani walizitazama kujua lini wachukue jembe. Wazee wana usemi wao: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kwa Kijapani jina hilo linahusiana na kitenzi cha kukusanya au kuunganisha, na hapo ndipo nembo ilipotoka. Nyota moja kubwa na tano ndogo, kwa kuwa kampuni tano ziliungana zikazaa moja. Rais wa kampuni wakati huo, Kenji Kita, alikuwa ameomba mapendekezo ya jina, hakuna lililomridhisha, akaamua kutoa la kwake.

Ukitoka nje usiku usio na mwezi ukahesabu saba, usidhani mchoraji alikosea. Kundi hilo lina jina jingine la Kijapani lenye maana ya nyota sita.

Ni kweli walianza kwa kutengeneza ndege?

Ni kweli, na bila kujua hilo huwezi kuielewa Subaru. Mwaka 1917 Chikuhei Nakajima, ofisa aliyeacha kazi jeshi la majini la Japani, alianzisha karakana ya ndege huko Ota, mkoa wa Gunma, kaskazini magharibi ya Tokyo. Ikakua ikawa kampuni ya Nakajima, moja ya watengenezaji wakubwa wa ndege nchini humo. Ndiyo iliyotengeneza ndege ya kivita ya Hayabusa, na injini yake iitwayo Sakae ndiyo iliyowekwa kwenye Zero, ndege maarufu ya kivita ya Japani. Zero yenyewe ilibuniwa na Mitsubishi, lakini zaidi ya nusu ya zilizotengenezwa zilitoka viwanda vya Nakajima.

Japani iliposhindwa vita 1945, kutengeneza ndege kukapigwa marufuku. Wakabaki wahandisi wenye ujuzi mkubwa na bohari zenye mabati, vipuri na matairi yasiyo na kazi. Wakatengeneza chochote kilichoweza kuuzika. Mwaka 1946 wakatoa skuta iliyoitwa Rabbit, na inasimuliwa kuwa zile za mwanzo zilifungwa magurudumu ya mkiani ya ndege za mabomu yaliyokuwa yamebaki stoo. Mimi huwa napenda kuianza historia ya Subaru kwenye gurudumu hilo.

Kampuni ikavunjwa vipande 12, kisha tano kati ya hivyo zikajikusanya upya mwaka 1953 kwa jina la Fuji Heavy Industries. Jina hilo la kampuni lilidumu mpaka Aprili 2017, ilipobadilishwa ikaitwa Subaru Corporation kwa kuwa gari lilishakuwa maarufu kuliko mwenye nalo. Kiwanda kikuu bado kiko Ota, na mtaa wake sasa unaitwa Subaru. Upande wa ndege nao haujafa: sehemu ya katikati inayoshikilia mabawa ya Boeing 787 hutengenezwa na kampuni hii.

Gari lao la kwanza lilikuwa lipi?

Kwa majaribio, ni Subaru 1500 ya mwaka 1954, ambazo zilitengenezwa kama 20 tu, mradi ukaishia hapo kwa kukosa fedha za kuzalisha kwa wingi. Lililowaingiza sokoni ni Subaru 360 ya mwaka 1958. Lilikuwa na injini ya nyuma ya cc 356 na uzito usiofika kilo 400. Serikali ya Japani ilikuwa imeweka unafuu kwa magari madogo yasiyozidi cc 360, na mhandisi Shinroku Momose, aliyetoka kwenye ndege, akaazimia kuwaingiza watu wazima wanne humo ndani. Aliweza kwa sababu alilijenga kama ndege: bodi jepesi linalojibeba lenyewe, bila chesisi nzito chini yake. Wajapani wakaliita mdudu kibibi.

Mbona inasemekana Wamarekani waliicheka?

Waliicheka sana. Mwaka 1968 wafanyabiashara wawili, Malcolm Bricklin na Harvey Lamm, walifungua Subaru of America wakaanza kuingiza 360. Uzito wake mdogo uliiwezesha kukwepa kanuni za usalama za magari ya kawaida. Mwaka 1969 jarida la Consumer Reports likaipima na kuipa hukumu ya kwamba haikubaliki. Matangazo ya wauzaji wenyewe yalikuwa yakijisifu kwamba gari ni rahisi na lina sura mbaya! Magari mengi yalidoda.

Walijifunza, ila hawakuacha ujanja. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wakapeleka pikapu ndogo iitwayo BRAT. Marekani ilikuwa ikitoza ushuru wa asilimia 25 kwa pikapu za kutoka nje, basi wakafunga viti viwili vya plastiki kwenye karai la nyuma, vikitazama nyuma, gari likapita forodhani kama la abiria. Ronald Reagan alikuwa na moja kwenye ranchi yake California. Leo Marekani ndiyo soko lao kubwa, inanunua zaidi ya nusu ya magari yao, na tangu 1989 wana kiwanda Lafayette, Indiana. Miaka ya 1990 waliwachunguza wateja wao wakagundua ni walimu, wahudumu wa afya, wataalamu wa kompyuta, wapenda milima, na wanawake wanaoishi na wanawake wenzao. Wakawatangazia hao hao, jambo ambalo kampuni nyingine za magari ziliogopa kulifanya wakati huo.

Injini ya boksa ni nini hasa?

Katika gari la kawaida pistoni zimesimama, zinapanda na kushuka. Katika boksa zimelala, mbili kulia na mbili kushoto, na za pande mbili hutoka kwa pamoja na kurudi kwa pamoja kama mabondia wawili wanaogonganisha glavu. Subaru ilianza nayo mwaka 1966 kwenye modeli ya 1000.

Faida yake ni kwamba mtikiso wa upande mmoja unamezwa na wa upande wa pili, na uzito wa injini unakaa chini karibu na lami. Ndiyo maana Forester, pamoja na urefu wake, haiyumbi sana kwenye kona. Hasara utaiona siku ya kubadilisha plagi. Simama karibu na fundi umtazame. Plagi haziko juu, ziko ubavuni, zimetazama ukuta wa boneti. Atatoa betri upande mmoja, atatoa boksi la hewa upande mwingine, kisha ataingiza mkono mpaka kiwikoni, uso ameugeuzia angani kwa sababu hawezi kuona anachokishika, anafungua kwa kupapasa. Plagi ya nyuma ndiyo itakayomfanya anyamaze. Kazi ya dakika 20 kwenye Corolla hapa inaweza kula asubuhi nzima, na mafundi wengine huona heri washushe injini kabisa. Kwa hiyo akikutajia bei ya ufundi iliyo juu kidogo, si lazima awe anakuibia.

Ule mngurumo unatoka wapi?

Hautoki kwenye boksa peke yake, ingawa watu wengi wanaamini hivyo. Unatoka kwenye mabomba ya moshi. Katika Impreza za zamani zenye tabo, kile kifaa kinachosukumia injini hewa ya ziada, mabomba yanayotoka silinda za kushoto na za kulia hayana urefu sawa, hivyo moshi unafika kwenye ekzosi bila mpangilio, ndiyo ile sauti ya kubwata. Matoleo ya karibuni yenye mabomba ya urefu sawa hayabwati hivyo hata kama injini ni boksa. Kijana anayefunga ekzosi ya bati kwenye Impreza ya cc 1500 isiyo na tabo anapata kelele tu, na majirani wamekwisha mjua.

Kwa nini zote zinavuta kwa magurudumu manne?

Chanzo ni mafundi wa umeme. Shirika la umeme la Tohoku, kaskazini ya Japani ambako theluji huanguka mpaka magotini, lilikuwa likiwapeleka watu wake milimani kwa jipu. Jipu linapanda lakini ni baridi na linachosha. Karibu mwaka 1970 wakamuomba wakala wa Subaru wa mkoa wa Miyagi awatengenezee gari la kawaida, lenye starehe, linalovuta mbele na nyuma. Wakala akaunda la majaribio kwa kuazima vipuri vya nyuma vya Nissan Bluebird. Kampuni ikaona wazo ni zuri, na mwaka 1972 ikatoa Leone ya magurudumu manne.

Boksa hapa inafaa sana. Imelala katikati, giaboksi nyuma yake, propela shafti moja kwa moja hadi difu ya nyuma, hivyo kulia na kushoto panalingana. Si kila Subaru iko hivyo, BRZ inasukuma nyuma tu, na Impreza nyingine za bei nafuu huvuta mbele tu. Mwulize muuzaji kabla hujalipa.

Kuna sharti ambalo wanunuzi wengi wanalipuuza. Matairi yote manne yawe saizi moja na yawe yamelika kwa kiasi kinachokaribiana. Ukifunga mawili mapya na mawili vipara, yanazunguka kwa kasi tofauti, na mfumo wa katikati unaogawa nguvu unasuguana bila kupumzika mpaka uungue. Nimeona mtu akiokoa pesa ya tairi mbili, akaja kulipa giaboksi.

Jina kubwa kwenye mbio za magari lilitoka wapi?

Hapa nitakaa kidogo. Subaru iliingia Safari Rally na Leone tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati mbio hizo za Kenya zilikuwa mtihani ambao kila kampuni iliuogopa: vumbi, mawe, matope mekundu ya Aprili, na punda milia asiyejua kanuni. Mwaka 1989 wakaungana na Prodrive, kampuni ya Uingereza ya kuandaa magari ya mbio, baadaye wakaja wafadhili wa sigara za 555, ndipo ile rangi ya buluu na maandishi ya njano ikazaliwa.

Kisa ninachokipenda ni cha mwaka 1993. Subaru ilileta Safari gari dogo la Vivio la cc 660, lile ambalo Tokyo mama huendea sokoni. Mojawapo alipewa Colin McRae, kijana wa Uskochi mwenye mguu mzito, na jingine Mkenya Patrick Njiru. McRae alikwenda mbio mpaka gari likakata tamaa njiani. Njiru alilitunza, akavuka mito na mashimo, akafika mwisho akiwa wa 12 kwa jumla mbele ya magari yenye injini kubwa mara tatu ya yake. Mwaka huo huo McRae alishinda New Zealand kwa Legacy, ushindi wa kwanza wa Subaru katika ubingwa wa dunia.

Baada ya hapo mlango ukafunguka. McRae akawa bingwa wa dunia 1995 akiwa na miaka 27, Richard Burns 2001, Petter Solberg 2003. Kwa upande wa kampuni, Subaru ilichukua ubingwa 1995, 1996 na 1997 mfululizo. Kwetu wengi wanakumbuka zaidi Safari ya 1997, McRae aliposhinda na Impreza yenye bomba la kupumulia lililopanda ubavuni mwa kioo, na ya 2000, Burns wa kwanza na Juha Kankkunen wa pili, wote kwa Subaru. Watoto waliokaa kwenye tuta la barabara wakimwagiwa vumbi na Impreza ya buluu ndio leo wanaoagiza WRX, yaani Impreza yenye tabo.

Desemba 2008, uchumi wa dunia ukiwa umeyumba, kampuni ikatangaza kujitoa kwenye ubingwa wa dunia. Haijarudi.

Je, ni kweli Subaru zote huchemsha na kuua gasketi?

Hapana, lakini uvumi huu una mzazi. Mzazi wake ni injini ya EJ25, ya cc 2500, ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na ya 2000. Gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, ilikuwa dhaifu, na kwa kuwa injini imelala, oili na maji hukaa yakibembea kwenye ukingo wake wa chini hata gari likiwa limezimwa. Nyingine zilivuja nje pole pole, nyingine zikavujia ndani na kuchemsha ghafla.

Malalamiko mengi unayoyasoma mtandaoni ni ya Wamarekani, na wao ndio waliouziwa cc 2500 kwa wingi. Forester nyingi zilizokuja kwetu kutoka Japani ni cc 2000, EJ20, ambayo haina balaa kubwa kiasi hicho. Outback na Legacy za cc 2500 ndizo za kutazama kwa makini.

Kwa uzoefu wangu, injini nyingi za hapa nyumbani zinauawa na maji ya bomba. Mtu anaona kulanti ni anasa, anajaza maji, kutu inakula njia za ndani, rejeta inaziba, kisha lawama anabebeshwa Mjapani. Dalili ni hizi: mapovu kwenye kopo la akiba la maji, mshale wa joto unaopanda mlimani na kushuka ukipunguza mwendo, na harufu tamu baada ya kuzima. Ukiziona, simama. Kilomita tano za kujikongoja mpaka gereji ndizo zinazopinda hedi. Na fundi akifungua, mwambie achonge hedi zote mbili na afunge gasketi ya tabaka za chuma, kama zile ambazo kiwanda chenyewe kiliweka kwenye injini za tabo.

Na injini mpya?

Kuanzia 2010 ilikuja familia ya FB. Ilibadilisha taimingi belti ikaweka cheni, na hilo ni jambo zuri, maana belti ya EJ hubadilishwa karibu kila kilomita 100,000 na ikikatika valvu hugongana na pistoni. Ila baadhi ya FB za mwanzo zilikula oili, mpaka wenye magari Marekani wakafungua kesi ya pamoja iliyomalizwa kwa makubaliano 2016. Angalia kijiti cha oili kila unapojaza mafuta, usingoje taa.

Mwishoni mwa 2018 kampuni iliyaita magari kama 400,000 duniani yarudi kurekebishwa kwa sababu ya springi za valvu zilizoweza kuvunjika, mengi yakiwa yametengenezwa 2012 na 2013. Kwa anayeagiza gari la miaka hiyo, omba namba ya chesisi mapema na uhakikishe kazi hiyo ilifanyika Japani. Ukiifanya hapa, injini lazima ishuke.

Subaru ni mali ya Toyota?

Toyota ina takriban asilimia 20 ya hisa. Zamani mshirika alikuwa Nissan, kisha General Motors, ambayo ilipouza 2005 ndipo Toyota ikaingia. Matunda ya ndoa hiyo ni BRZ na pacha wake Toyota 86, na gari la umeme la Solterra, ambalo ni ndugu wa Toyota bZ4X. Solterra ina nyota sita mbele lakini haina boksa, na mashabiki bado hawajaamua waichukuliaje.

Je, kampuni imewahi kukutwa na kashfa?

Ndiyo. Mwaka 2017 ilikiri kwamba kwa zaidi ya miaka 30 ukaguzi wa mwisho wa magari ya soko la Japani ulikuwa ukifanywa na wafanyakazi wasio na cheti kamili. Magari karibu 400,000 yakaitwa. Uchunguzi uliendelea ukafichua na takwimu za mafuta na moshi zilizochezewa, na Yasuyuki Yoshinaga akaachia urais 2018. Kwa kampuni iliyozoea kutangaza usalama, na mfumo wake wa kamera za EyeSight tangu 2008, doa hilo liliuma.

Kwa nini Kenya watu wakiona Subaru imesimama getini wanashtuka?

Kwa sababu askari kanzu wamezitumia kwa miaka mingi, kwa mwendo na uwezo wake wa kupita popote. Mwaka 2024, baada ya maandamano ya vijana dhidi ya Muswada wa Fedha, taarifa nyingi za watu kuchukuliwa na watu wasiojitambulisha zilitaja magari ya aina hiyo. Jina lililokuwa la McRae na Njiru likaingia kwenye mabango ya maandamano. Kampuni haikuhusika, lakini jina halichagui nani analibeba.

Nimepata Subaru Trezia na Stella kwa bei nzuri. Ni Subaru kweli?

Kwa nembo tu. Trezia ni Toyota Ractis. Stella za kuanzia 2011 ni Daihatsu Move, kwani Subaru iliacha kutengeneza magari madogo kabisa mwanzoni mwa 2012. Hazina boksa. Si magari mabaya hata kidogo, ila ukienda dukani ulizia spea kwa jina la Ractis au Move, utazipata haraka na kwa bei ya chini zaidi.